Kidonge cha mlimani

Siku kadhaa kimya, test zimebana na bumu halijatoka, mnajua wenyewe. Leo sina stori za mesi.

Kaka yangu ninayemfuata alitoka kwetu Ilongero kwenda Moshi kutafuta maisha. Sasa ni mpagazi Kilimanjaro, wenyewe wanajiita wagumu. Safari yake ya kwanza, walipofika Horombo (mita 3,720), kichwa kikaanza kugonga, anatapika, chakula hakipiti. Mwenzake akamwambia hiyo ni altichudi, meza Panadol tupige kazi. Bahati yake kundi lao lililala pale siku mbili, ikapita yenyewe.

Juzi kanipigia: "Dogo, nasikia wazungu wanameza Diamox. Nikiwa nayo si napanda tu hata nikiumwa?"

Mimi nasoma uhasibu jamani! Ila nikaenda kwa mfamasia hapa mjini, mzee mmoja mvumilivu sana, akanieleza. Kule juu oksijeni ni asilimia 21 kama hapa hapa Singida, ila mgandamizo wa hewa umeshuka. Uhuru, mita 5,895, ni karibu nusu ya ule wa pwani. Mwili unataka kuhema zaidi, lakini ukihema sana damu inapoteza kaboni dioksaidi, na ubongo unapiga breki. Hiyo Diamox, jina lake hasa asetazolamidi, inazifanya figo zimwage baikaboneti kwenye mkojo. Damu inapata asidi kidogo, breki inaachia, unahema vizuri hata usingizini. Ndiyo maana unakojoa kila saa (hemani, kwenye baridi ile, pole yako), vidole vinachonyota, na soda inakuwa na ladha mbaya.

Kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Ukishaumwa ni 250 mara mbili, lakini hapo hupandi tena mpaka upone, na ukizidiwa unashuka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kuongea ovyo, ubongo unavimba: deksamethasoni, na kushuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Akihema juu juu wakati amekaa, mapafu yanajaa maji: oksijeni, kama haipo nifedipini, na kushuka vile vile. Panadol inatuliza kichwa tu.

Nikamwambia yote. Akanyamaza, halafu akasema: "Sasa mgumu akisema anaumwa, safari nyingine nani atamwita?" Hilo mzee wa famasi hakuwa na dawa yake. Mtalii akiumwa anashushwa na watu wawili wamemshika. Mwenye kilo 20 kichwani anajikaza.

Mama naye nilipomsimulia akashtuka. "Mwanangu, huyo si ndiye alivimba uso wote kwa Septrin, tukakimbia naye usiku?" Nikarudi famasi mbio. Septrin ni salfa, na Diamox nayo iko kwenye ukoo huo. Mzee akasema wengi wa aina hiyo huimeza bila tatizo, lakini aliyewahi kuvimba vile asiiguse bila daktari.

Jumatatu anapanda tena. Nimemtumia meseji apite hospitali kwanza na aitaje Septrin. Kajibu "poa dogo". Mama hiyo "poa" haijamtosha, kesho asubuhi anapanda basi la Moshi.