Pipeti Ilipotoka Mdomoni

Sisi tuliosoma sekondari miaka ya 1990 tulijaza pipeti kwa mdomo. Mwalimu alionyesha, nasi tukaiga: ncha ndani ya bika, midomo juu ya mrija, unavuta taratibu hadi kimiminika kipite alama ya sentimita za ujazo 25, kisha unaziba upesi kwa kidole. Unalegeza kidole kidogo, ukitazama usawa wa jicho, mpaka kitako cha uso uliobonyea kiguse alama. Aliyeweza hayo bila kudondosha tone tulimwita bingwa, naye alistahili, maana kazi ile ilitaka pumzi na utulivu.

Hatari ilikuwa katika pumzi hiyo hiyo. Ncha ikichomoka nje ya kimiminika ungali unavuta, hewa inaingia ghafla na kilichomo kinarukia kinywani. Kwetu mara nyingi kilikuwa hidroksidi ya sodiamu. Mwenzangu wa benchi ilimfika. Alisema ulimi unateleza kana kwamba amelamba sabuni, na hakukosea: alkali hugeuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, ndiyo maana huteleza hata vidoleni. Akasukutua kwa maji ya ndoo, akarudi kwenye bureti, kwa kuwa mtihani wa vitendo ulikaribia. Salama yake ni kwamba ile ilikuwa hafifu. Ingekuwa kali, kinywa kingebabuka.

Kanuni tulikuwa nazo, tumezikariri. Ya kwanza ilikataza kuonja kemikali yoyote! Nyingine ilisema asidi itiwe kwenye maji, si maji kwenye asidi. Sababu hatukupewa; niliipata chuoni. Asidi ya salfuriki ikikutana na maji hutoa joto jingi, na maji machache yakimwagwa juu yake huchemka papo hapo na kuirusha usoni.

Nilipoanza kufundisha, shule yetu ilikuwa na kipira kimoja cha kufyonzea, kimefungiwa kabatini kisipotee. Kilichoutoa mdomo wetu kwenye pipeti ni bomba la sindano la plastiki kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, likaunganishwa na kipande cha mpira. Mwishoni mwa 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wazazi wakachanga, kuta zikapanda. Kwetu vifaa vilifuata nyuma, kwa mwendo wa kukatisha tamaa, lakini vipira vilikuja.

Leo kidato cha kwanza naanza nao na ute wa yai. Nadondoshea asidi kali, unageuka mweupe na kuganda mbele ya macho yao. Nawaambia, wanangu, jicho nalo lina protini. Baada ya hapo sihitaji kumgombeza mtu avae miwani.

Ninachokipigania sasa ni bomba la maji ndani ya maabara. Alkali ikiingia jichoni hupenya ndani zaidi kuliko asidi nyingi, na huduma ya kwanza ni maji yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kabla hata ya kutafuta gari la kwenda hospitali. Ndoo moja haifiki huko, na shule nyingi ninazozijua bado zina ndoo.