Picha Isiyosomeka Isiingie Hifadhini

Tunaposifu hospitali zetu kwa kuachana na filamu za eksirei na kuhamia mifumo ya kidijitali, tunachosifu hasa ni kasi. Picha iliyopigwa wilayani husomwa siku hiyo hiyo na daktari bingwa aliye mamia ya kilomita mbali. Ni hatua kubwa, wala siibezi. Ninachouliza ni nani anayeikagua picha hiyo kabla ya kuihifadhi, na amepewa dakika ngapi za kufanya hivyo.

Enzi za filamu, kosa lilijianika lenyewe: mionzi ikizidi, filamu ilitoka nyeusi tii, ikatupwa. Leo kompyuta huisawazisha picha hiyo hadi ikapendeza machoni, na mgonjwa hajui kwamba amepokea mionzi asiyoihitaji. Yapo pia makosa ambayo mashine haiyatambui. Alama ya kushoto au kulia haipo. Jina ni la mgonjwa aliyetangulia. Au mgonjwa hakuvuta pumzi ya kutosha, hivyo moyo ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo na sehemu za chini za mapafu zikafifia kana kwamba zina nimonia.

Shangazi yangu alipigwa picha ya namna hiyo ya mwisho. Ilihifadhiwa, ikatumwa, na kwa majuma matatu akameza dawa za moyo, hadi bingwa mmoja alipoagiza ipigwe upya. Moyo wake ulikuwa mzima. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inaipa TAEC mamlaka ya kudhibiti matumizi ya mionzi, ukaguzi wa mashine ukiwamo. Vema. Lakini mashine nzima huweza kutoa picha mbovu, na hapo mkaguzi pekee ni mtaalamu wa mionzi mwenye foleni mlangoni. Mara nyingi anajua kuwa picha haifai. Anajua pia kwamba akirudia ataulizwa kwa nini anachelewesha huduma, kwa sababu taarifa ya mwezi huhesabu picha zilizopigwa, si zilizosomeka.

Kurudia nako si bure. Ni mionzi zaidi mwilini. Ndiyo maana picha zilizokataliwa zisifutwe kimyakimya. Kila moja iandikiwe sababu, na idara izijadili, ijulikane kama kilichokosekana ni mafunzo, matengenezo ya mashine, au watumishi wa kutosha. Ndugu zangu mlioko wizarani, fomu ya taarifa mnaiandaa ninyi. Ongezeni safu hiyo.