Eldoret hadi Nairobi: Masafa na Saa

Ukiulizwa Nairobi ni mbali kadiri gani kutoka Eldoret, yafaa nawe uulize kwanza: kwa njia gani? Kwa barabara, kupitia Timboroa, Nakuru na Naivasha, ni kiasi cha kilometa 310, na basi huchukua saa tano au sita, au zaidi malori yakisongamana. Ndege hupita moja kwa moja, kiasi cha kilometa 260, wala haikai angani saa nzima.

Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe walichukua zaidi ya miezi miwili kufika uwanda wa Uasin Gishu. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na kiwanja kikubwa cha ndege kikafunguliwa mwaka 1997.

Hata hivyo, msafiri asidanganyike. Kiwanja kiko kilometa 16 hivi nje ya mji. Abiria hutakiwa kufika mapema. Na akishuka Nairobi bado humngojea msongamano wa magari. Akijumlisha yote, safari yaweza kumaliza saa tatu au nne.

Basi mwenye mgonjwa, au karani atakiwaye kurudi jioni ile ile, nauli ya ndege si hasara kwake. Bali mkulima aendaye kununua vipuri bila haraka, saa mbili azipatazo zaweza kumgharimu thamani ya gunia la mahindi. Hesabu safari tangu mlangoni pako hadi mlango uuendeao, ndipo ukate tikiti.