Kimo na Malezi

Watu wamezoea kuutazama mwili wa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla ya kuitazama tabia yake. Mtu mwenye kimo cha sentimeta 218 hupita kwa kuinama katika milango ya watu wengine, na kila amwonaye hudhani amekwisha kuzijua habari zake zote. Husemwa kuwa huyo alizaliwa kwa ajili ya mchezo ule. Mkono wake ulikuwa karibu na kikapu tangu ujana, naye alikuwa na kazi gani zaidi ya kuunyosha? Hukumu hiyo ni nyepesi, na kama zilivyo hukumu nyepesi nyingi, ina chembe ya kweli ndani yake. Kimo ni kipaji, na hakuna mwalimu awezaye kukifundisha. Lakini warefu ni wengi duniani, na waliodumu katika mchezo huo miaka 18, wakatoka humo na heshima yao kamili, ni wachache. Yapasa basi kuuliza ni nini kilichokitawala kimo, kikakifanya mtumishi badala ya bwana. Maisha ya Dikembe Mutombo wa Kongo yana jawabu la swali hilo.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, mwaka ule ule mji huo ulipoacha jina la Léopoldville. Babaye, Samuel, alikuwa mtu wa elimu, na mamaye, Biamba Marie, alikuwa nguzo ya nyumba yenye watoto wengi. Katika nyumba ya mwalimu kitabu hakiwi pambo. Huulizwa habari zake jioni kama mfanyakazi aulizwavyo habari za kazi aliyotumwa asubuhi. Mtoto alisema Kiluba na wazee wake, Kilingala na wenzake wa mjini, na Kifaransa na walimu wake. Alipokuwa mtu mzima lugha zake zilifika 9. Mtoto akuaye hivyo hujifunza mapema kwamba kila mlango una namna yake ya kubishwa hodi, na kwamba mgeni mwenye adabu huitafuta namna hiyo kabla ya kulalamika kuwa amefungiwa nje.

Shabaha yake ya kwanza ilikuwa uganga wa hospitali. Alitaka kusoma udaktari, kisha arudi kuwatibu watu wa kwao. Katika michezo alipenda mpira wa miguu, na mpira wa kikapu ulimjia akiwa amekwisha kuwa kijana. Waliomsukuma kwenye mchezo huo ni babaye na kaka yake, kwa kuwa waliona kile ambacho yeye mwenyewe alikionea haya. Husimuliwa kwamba siku ya kwanza ya mazoezi alianguka akapasuka kidevu, akarudi nyumbani na nia ya kutorudi uwanjani tena. Alirudi. Kovu lilibaki, na pamoja nalo lilibaki somo kwamba mtu mrefu huanguka kutoka juu zaidi, na kwa hiyo hana budi kujifunza kuinuka kuliko wengine.

Mwaka wa 1987 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, akaingia katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Alikuwa na umri wa miaka 21, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Aliutumia kwa kujifunza lugha. Fikiri hali ya kijana yule: nyumbani alikuwa mtoto wa mwalimu, mwenye maneno ya kutosha kwa kila mtu, ugenini alikuwa mrefu kuliko wote na bubu kuliko wote. Wengine katika hali hiyo hujificha katika miili yao, wakaridhika kuwa kitu cha kutazamwa. Yeye aliketi akasoma.

Mwalimu wa mchezo chuoni hapo alikuwa John Thompson, mtu wa kimo kikubwa na sauti nzito, ambaye mwaka wa 1984 alikuwa mwalimu wa kwanza mweusi kuiongoza timu yake kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Mezani kwake Thompson aliweka mpira uliotolewa pumzi. Kila mchezaji aliyeingia kuzungumza naye aliuona mpira ule umelala, umenywea, haufai kwa lolote. Maana yake haikuhitaji hotuba. Siku itafika ambapo pumzi itatoka katika mpira wa kila mchezaji, na siku hiyo ataulizwa amebaki na nini. Maelfu ya vijana wameacha vitabu kwa kuufuata mpira uliojaa upepo, wakagundua ukweli huo baada ya kuchelewa. Mutombo aliukuta ukweli mezani kwa mwalimu wake, lakini haukuwa mgeni kwake, maana babaye alikuwa amekwisha kuusema kwa maneno mengine.

Hata hivyo udaktari ulimponyoka. Saa za mazoezi na safari hazikupatana na saa za masomo ya tiba, na njia mbili zilimshinda fisi. Alisoma elimu ya lugha na elimu ya mambo ya ubalozi, akapata shahada mwaka wa 1991. Mwaka huo huo timu ya Denver Nuggets ilimchagua, naye alikuwa wa 4 katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA. Kijana aliyeondoka Kinshasa ili awe mganga sasa alikuwa mchezaji wa kulipwa. Mtu aliyeiona safari yake hapo tu angeweza kusema kwamba ahadi ilikuwa imevunjika.

Kazi aliyoichagua uwanjani yastahili kutazamwa, kwa kuwa tabia ya mtu huonekana katika sehemu aikubaliyo. Sifa nyingi za mpira wa kikapu huwaendea wafungaji. Mutombo alikuwa mlinzi. Katika maisha yake yote ya mchezo wastani wake wa kufunga haukufika pointi 10 kwa mchezo mmoja, lakini alipangua mipira 3,289 iliyoelekezwa kikapuni, na anayemzidi kwa hesabu hiyo ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, mwenye 3,830. Mara 4 alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa mwaka katika ligi. Kazi ya mlinzi ni kazi ya subira. Mfungaji huanza tendo, mlinzi hungoja. Akiruka mapema amedanganyika, akichelewa amepitwa, akigusa mkono wa mwenziwe badala ya mpira amekosa. Hana budi kuusoma moyo wa mtu mwingine katika bega lake na katika goti lake. Mara nyingine faida yake kubwa haiandikwi popote, kwa kuwa mtu aliyemwogopa hakuurusha mpira kabisa. Kazi hiyo humfaa mtu aliyelelewa kuona kwamba kuilinda nyumba ni heshima, hata kama aliyelala ndani hajui nani alikesha.

Mwezi wa Mei 1994 ulimwengu uliiona kazi hiyo. Denver walikuwa wa 8 katika upande wao, na Seattle SuperSonics walikuwa wa kwanza, wakiwa wameshinda michezo 63 katika msimu. Seattle walishinda michezo 2 ya mwanzo, na aliyehitaji kushinda 3 aliwaona wamekwisha kufika. Denver walishinda 3 iliyofuata. Katika michezo hiyo 5 Mutombo alipangua mipira 31. Mchezo wa mwisho ulipokwisha katika muda wa nyongeza, alilala chali sakafuni, ameukumbatia mpira juu ya kichwa chake, akicheka na machozi yakimtoka. Kabla ya siku hiyo hakuna timu ya 8 iliyopata kuiondoa ya kwanza katika ligi hiyo.

Alikuwa na desturi moja iliyomletea jina na lawama. Kila alipopangua mpira alikitikisa kidole chake cha shahada, kama mzazi amkatazaye mtoto kuingia jikoni. Waamuzi walipoanza kuiadhibu ishara hiyo kuwa ni dhihaka kwa mpinzani, aliigeuza akawaelekezea watazamaji. Kidole kile kilisema jambo moja tu: hapa hapapitiki.

Mwaka wa 1997 palipitika. Mamaye alipatwa na maradhi ya kiharusi mjini Kinshasa, wakati wa machafuko, na njia za kwenda hospitali zilikuwa zimefungwa. Biamba Marie alifariki nyumbani. Mwanawe alikuwa ng'ambo, tajiri na maarufu, amechaguliwa mlinzi bora wa ligi mwaka huo huo. Aliyelipwa kwa kuzuia hakuweza kuzuia. Hapana shaka kwamba msiba wa namna hiyo humuuliza mtu maswali makali. Mali ina faida gani isipoweza kumfikisha mama hospitalini? Na ile ahadi ya kuwa mganga, aliyoondoka nayo nyumbani, iko wapi?

Jawabu lake lilichukua miaka 10. Alianzisha mfuko wa hisani, akatoa dola milioni 15 za mali yake katika jumla ya milioni 29, akawaendea watu wenye uwezo mmoja baada ya mwingine. Kwa mtu aliyezoea kukataa, kuomba si kazi rahisi. Mwaka wa 2007 hospitali yenye vitanda 300 ilianza kupokea wagonjwa katika viunga vya Kinshasa, ikiitwa kwa jina la Biamba Marie. Miaka karibu 40 ilikuwa imepita bila ya mji huo kujengewa hospitali mpya ya namna hiyo. Hospitali moja haiponyi nchi nzima, lakini mama wa mtu mwingine hulala katika kitanda kimoja, si katika nchi nzima. Udaktari aliouacha chuoni aliurudia kwa mlango wa nyuma. Yeye hakushika kisu cha tiba. Aliwajengea paa walioweza kukishika.

Wema huo haukuzuka ghafula kwa sababu ya kilio. Mwaka wa 1996, timu ya wanawake ya nchi yake ilipofika Atlanta kwa michezo ya Olimpiki, yeye ndiye aliyewalipia mavazi na gharama zao. Nduguze walipofariki, aliwachukua watoto wao akawalea pamoja na wake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwa watu, akatunzwa huko, kisha akaipeleka tuzo kwao.

Aliacha mchezo mwaka wa 2009, goti lilipoumia akiwa na umri wa miaka 42, bila ya kupata ubingwa wa ligi hata mara moja. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa 2 katika ligi hiyo, Mtanzania wa kwanza kuingia humo, na njia aliyoipita ilikuwa imekwisha kukanyagwa na miguu mikubwa ya Mkongo yule. Mutombo alifariki kwa saratani ya ubongo tarehe 30 Septemba 2024.

Mtu wa haki atakiri kwamba malezi peke yake yasingejenga hospitali ile. Pasipo kimo pasingekuwa na mali, na walimu wengi wema wamewalea watoto wema waliokufa maskini. Lakini kimo bila ya malezi kingalijenga nini? Kimo kilimwinua akaonekana na watu. Malezi yalimwinamisha akawaona.