Picha za ndege wa nyuma ya nyumba



Sisi tunaofundisha shule ya msingi tumezoea jambo moja: ukiwaomba watoto wataje wanyama, wanaanza na simba, twiga na tembo. Ndio waliochorwa vitabuni, na wengi wa watoto hao hawajawahi kumwona hata mmoja. Ukiwauliza jina la ndege wa njano anayefuma kiota kwenye mngazi wa jirani, wanaangaliana tu. Wanyama wa kwao wanawajua wakiwa ndani ya sufuria au wakiwa wamefungwa kamba sokoni.

Kwa sababu hiyo walimu wanawake wachache na wamama kadhaa wa kikundi tulianza kupiga picha za ndege, wadudu na wanyama wadogo kwa telefoni zetu za kawaida. Hakuna kati yetu mwenye kamera. Wiki hii tunawaletea tuliyojifunza, maana kazi hii inafaa kila nyumba yenye watoto, na gharama yake ni kuchaji telefoni.

Kwanza tuseme picha inaweza kufanya nini. Kusini mwa Tanzania, katika milima ya Rungwe, wawindaji Wanyakyusa walikuwa wakisimulia habari za kima wanayemwita kipunji. Watafiti waliposikia jina hilo wakaenda kumtafuta, wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2005 walimtangaza kwa ulimwengu kwa kutegemea picha, bila kumuua hata mmoja. Kwetu Kongo jambo la karibu na hilo lilitokea Opala, jimbo la Tshopo. Mwaka 2007 watafiti walimkuta kima jike mchanga amefugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi, wakampiga picha. Wenyeji walimwita lesula tangu zamani, lakini wataalamu hawakuwa naye katika vitabu vyao. Aliandikwa rasmi mwaka 2012, akapewa jina la kisayansi lenye jina la mto Lomami. Mwaka 2016 ikaundwa Parke ya Taifa ya Lomami, ambayo sehemu yake iko katika jimbo letu la Maniema.

Katika habari hizo mbili, jina lilitoka kwa watu wa kijiji, na picha ikalifikisha mbali. Sisi hatutafuti kima mpya. Tunatafuta majina yaliyo kwa mama zetu kabla hayajapotea, na kwa kazi hiyo tunahitaji picha inayoonekana vizuri.

Tuanze na mwanga. Kasongo iko kama digrii nne na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kisha linapanda haraka. Kuanzia hapo hadi saa mbili na nusu asubuhi mwanga unatoka upande, nao unaonyesha rangi na manyoya. Saa sita jua liko utosini, na ndege mwenye rangi nzuri anakuwa doa jeusi. Jioni, kuanzia saa kumi, mwanga mzuri unarudi. Wewe simama jua likiwa mgongoni pako. Siku ya mawingu inafaa kwa maua na vipepeo, kwa kuwa hakuna kivuli kikali.

Chini ya miti mikubwa picha nyingi zinatoka na ukungu, na watu husema telefoni ni mbaya. Sababu ni hii: mahali penye giza telefoni inahitaji muda zaidi kukusanya mwanga. Katika muda huo mdogo mkono ukitikisika, au ndege akigeuza kichwa, picha inaharibika. Shika telefoni kwa mikono miwili, bana viwiko kwenye mbavu, egemea mti au ukuta, na uzuie pumzi unapobonyeza. Kabla ya hapo futa kioo kidogo cha kamera kwa kitambaa laini na safi, kwa sababu vidole vya jikoni vinaacha mafuta. Gusa mnyama kwenye kioo cha telefoni, hasa mahali pa jicho lake, ili telefoni ijue umtakaye. Piga picha kumi, uchague moja, nyingine uzifute zisijaze telefoni.

Jambo la pili ni umbali. Kukuza picha kwa vidole viwili hakumleti ndege karibu. Kwenye telefoni nyingi za kawaida, inakatwa sehemu tu ya picha na kutanuliwa, ndiyo maana anatoka kama nafaka zilizomwagika. Dawa ni kumwacha mnyama aje mwenyewe. Na hapo wamama tuna faida, kwa sababu tunajua kukaa. Tunakaa tukimenya mihogo, tukichambua maharage, tukipepeta mchele. Ndege humzoea mtu aliyetulia. Peleka kazi yako karibu na ua la mgomba, na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, atakuja kunywa utamu wake. Au kaa karibu na papai lililoiva, au pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Zima sauti na mwako wa telefoni. Vaa kitenge kilichofifia. Baada ya dakika ishirini hivi, uwanja unarudi kuwa wao.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika picha, neno hilo ni la kweli kabisa. Kinyonga akipigwa kutoka juu anaonekana kama jani lililoanguka. Piga magoti mpaka telefoni ilingane na jicho lake, naye anakuwa kiumbe anayekutazama. Kisha sogea hatua moja kulia au kushoto, ili nyuma yake pawe na majani matupu, pasiwe na kamba ya nguo wala ndoo.

Tukifika darasani, hatuna pesa za kuchapisha picha kwa watoto hamsini na zaidi. Tunawapanga vikundi vya watano watano, kila kikundi kinaangalia telefoni kwa dakika chache, kisha wanachora katika daftari, na mmoja anachora ubaoni kwa chaki. Mtoto aliyechora makucha ya ndege anayakumbuka. Jioni anapewa kazi moja: amwulize mtu mzima wa nyumbani jina la ndege huyo kwa Kibangubangu, kwa Kizimba, kwa Kikusu, au kwa lugha yoyote ya nyumba yao.

Kazi hiyo ndiyo iliyotuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Wamama wengi wa rika letu hatukuwa na majibu. Familia nyingi zilikimbia vijiji vya Kabambare kwa ajili ya vita, watoto wakazaliwa mjini, mbali na bibi zao. Tulimpelekea picha bibi mmoja mzee sana, ambaye macho yake hayaoni mbali tena. Ndege aliye juu ya mti hawezi kumwona. Aliye kwenye telefoni, tukimkuza na kuisogeza karibu na uso wake, alimwona. Akacheka, akasema alidhani ndege hao wameisha. Akatupa jina lake, akatuambia ni mti gani anaupenda, na kwa nini wazee walikataza kuukata mti huo kabla ya ndege kulea watoto wake. Tulikuwa wanawake wanne chumbani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari hiyo. Tuliiandika siku ileile. Bibi huyo akituacha kabla hatujamaliza, hakuna kitabu cha kwenda kufungua.

Ndivyo ilivyo pia kwa viwavi tunavyokula. Wamama wanaoviokota wanajua kila aina na mti wake. Piga picha ya kiwavi, ya jani analokula, na ukiweza, ya kipepeo anayetoka baadaye. Mtoto akiziona hizo tatu pamoja, anaelewa kwamba mti ukikatwa, chakula nacho kimekwenda.

Hatuwaambii wamama waache kupika nyama. Njaa tunaijua. Tunasema tu kwamba mtoto anayemjua mnyama akiwa hai atafikiri kidogo kabla ya kuvunja kiota kwa manati kwa mchezo. Kasuku wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu anahitaji fikra hiyo zaidi ya wote. Mwaka 2016, huko Johannesburg, mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini, lakini mitego bado ipo. Kwa hiyo ukipata picha ya kasuku, usimwambie kila mtu ni mti gani wanalalia. Pia usifunge mnyama kamba ili atulie, wala usiondoe majani yanayofunika kiota, kwa sababu mwewe naye anatazama.

Sasa usalama, wamama, hili msilichezee. Telefoni iliyoinuliwa inaweza kuleta matatizo. Usiielekeze kamwe kwa askari, kizuizi cha barabarani, daraja, uwanja wa ndege au machimbo ya dhahabu, hata kama ndege mzuri amekaa pale. Mwambieni chifu wa kijiji mnachofanya, na mumwonyeshe picha za kwanza. Tokeni wawili wawili, msivuke mashamba mnayoyajua, na mkisikia habari mbaya za njia, bakini nyumbani. Kuna wadudu wa kutosha kwenye ua wa nyumba. Nyoka mwacheni, hata akionekana amelala.

Tumefungua daftari moja la kikundi. Kila ukurasa una tarehe, mahali, mchoro kutoka kwenye picha, majina katika lugha zetu, na maneno ya mzee aliyetueleza. Kurasa nyingi bado ni tupu. Katika mkutano ujao, mwenye telefoni alete picha moja aliyoipiga karibu na nyumba yake. Asiye na telefoni alete jina moja alilopewa na mama yake. Yote mawili tutayaandika.