Akihabara: Mtaa ambako mashabiki wa katuni hujicheka wenyewe

JIJI la Tokyo lina mitaa mingi ya maduka, lakini Akihabara una sura yake. Mgeni anayeshuka kwenye treni na kutokea upande wa “Mtaa wa Umeme” hupokelewa na mabango ya wasichana wenye macho makubwa kama visahani, yamepangwa ghorofa kwa ghorofa. Kila duka linapiga muziki wake. Mashine za kuuzia vidude vidogo ndani ya vibonge vya plastiki zimejipanga ukutani kama masanduku ya barua ya posta.

Hapa ndipo makao ya mashabiki wa anime, zile katuni za Kijapani ambazo siku hizi watoto wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanazijua kuliko hadithi za sungura na fisi. Mzazi aliyewahi kumwona mwanawe akikimbia huku mikono ameitupa nyuma, kama ninja Naruto, ameshaonja habari yenyewe.

Kinachomshangaza mgeni si wingi wa katuni. Ni kwamba watu wanaozipenda kupita wote ndio hao hao wanaozifanyia mzaha kupita wote, na wa kwanza kuchekwa ni wao wenyewe.

Kutoka redio hadi sanamu

Jina la mtaa huu lilitokana na moto. Mwaka 1869 moto mkubwa uliteketeza eneo hili, na mwaka uliofuata serikali ikajenga hekalu dogo la kuomba kinga dhidi ya moto. Wenyeji waliliita kwa jina la Akiba, mungu wa kuzuia moto, na jina likabaki.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wachuuzi waliuza hapa vipuri vya redio. Zikafuata jokofu na mashine za kufulia, kisha katika miaka ya 1980 kompyuta. Vijana waliokuja kununua kompyuta ndio hao hao waliopenda anime, kwa hiyo kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 wauza katuni waliwafuata wateja wao. Jengo la Radio Kaikan, lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2014, bado lina neno “redio” katika jina lake, ingawa anayepanda ngazi zake leo hukutana zaidi na sanamu ndogo za wahusika kuliko redio.

Mwaka 2001 ulifunguliwa hapa mkahawa wa kwanza wa kudumu ambao wahudumu wake huvaa kama vijakazi wa majumba ya zamani ya Ulaya. Leo ipo mingi. Katika mikahawa ya namna hii mteja husalimiwa “karibu tena nyumbani, bwana wangu”, hata kama hajawahi kukanyaga hapo. Akiagiza wali uliofunikwa kwa mayai, mhudumu humchorea paka juu yake kwa sosi ya nyanya, kisha wote wawili huunda umbo la moyo kwa vidole na kutamka maneno ya kukifanya chakula kiwe kitamu. Baba mzima mwenye tai hufanya hivyo hadharani. Anajua ni kichekesho, mhudumu anajua, na meza ya jirani inajua. Hapo ndipo raha ilipo.

Gari linalouma

Lugha ya mashabiki imejaa maneno ya kujisuta. Mwenye gari aliyelipaka picha ya mhusika wake kuanzia boneti hadi buti huliita itasha, yaani “gari linalouma”. Kwa Kijapani cha vijana, jambo la aibu “linauma” kulitazama. Neno hilo pia ni mzaha juu ya mzaha, kwa kuwa Wajapani hufupisha hivyo hivyo “gari la Kiitalia”, ambalo ni gari la kifahari. Wapo pia wanaobeba “mkoba unaouma”, uliofunikwa beji za mhusika mmoja mpaka kitambaa hakionekani.

Yupo na mnunuzi wa vitatu. Shabiki kamili, wanasema wenyewe, hununua nakala tatu za kitu kimoja: ya kutazama, ya kuhifadhi bila kufunguliwa, na ya kuhubiria wengine ili nao waingie katika imani. Anayeanza kupenda katuni mpya husemwa “ametumbukia kwenye kinamasi”. Marafiki wakifika ukingoni hawampi fimbo ya kujiokoa. Wanamsukuma azame vizuri.

Halafu kuna ndoa. Mashabiki wa kiume wamezoea kumwita mhusika wanayempenda “mke wangu”. Kwa kuwa katuni mpya huanza kila baada ya miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, wanataniana kwamba hakuna mume anayeoa na kuacha haraka kama shabiki wa anime.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Huko Ikebukuro, upande mwingine wa jiji, kuna barabara ya maduka yao. Wale wanaosoma hadithi za mapenzi kati ya wahusika wa kiume huitwa fujoshi, neno lenye maana ya wanawake, ila limebadilishwa herufi moja. Matamshi yakabaki yale yale, maana ikawa “wasichana waliooza”. Wengi wao hujiita hivyo wenyewe.

Utani una wenyewe

Msomaji wa pwani au bara ya Tanzania hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mnyamwezi anaweza kumtania Mzaramo hata msibani, na aliyefiwa akacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Asiye mtani akisema maneno yale yale huo ni ugomvi. Kinachohalalisha mzaha ni undugu.

Mashabiki wa Japani waliufikia utani wao kwa njia ya maumivu. Neno otaku, ambalo leo dunia nzima hulitumia kumaanisha shabiki wa anime, asili yake ni namna ya heshima ya kumwita mtu “wewe”, kwa kutaja nyumba yake. Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio aliwaandikia mashabiki makala ya kuwakejeli katika jarida la katuni, akawacheka kwa mavazi yao, haya zao na hiyo desturi yao ya kuitana otaku. Jina likaganda.

Kisha likaja baya zaidi. Mwaka 1989 alikamatwa mwanamume aliyewaua watoto wanne wa kike. Chumbani kwake zilikutwa kanda za video zaidi ya 5,000, na ingawa nyingi hazikuwa za katuni, magazeti na televisheni zilimwita otaku. Kuanzia hapo kijana aliyependa katuni alitazamwa kama mtu wa kuogopwa. Wengi walificha majarida yao. Wengine hawakuthubutu kumwambia mwenzao shuleni au kazini kwamba wanapenda nini.

Jibu mojawapo lilikuwa kicheko. Mwaka 1991 kampuni ya Gainax, iliyoanzishwa na mashabiki, ilitoa filamu ya “Otaku no Video”. Ndani yake mna katuni, na katikati yake mahojiano ya kuigiza ya watu waliofichwa nyuso kama wahalifu, wakikiri kosa la kupenda katuni. Waliotengeneza walikuwa wanajisema wao wenyewe, na pia walikuwa wanavicheka vyombo vya habari vilivyowageuza kuwa vitisho. Mwaka 2004 kikatoka kitabu cha “Densha Otoko”, kuhusu kijana wa Akihabara mwenye haya aliyemtetea mwanamke dhidi ya mlevi ndani ya treni. Mwaka 2005 kikafanywa filamu na tamthilia ya televisheni. Nchi ikacheka pamoja na shabiki, badala ya kumcheka.

Ugonjwa wa kidato cha pili

Kwa familia, utani ulio karibu zaidi na nyumbani ni ule wa chuunibyou, “ugonjwa wa mwaka wa pili wa shule ya kati”. Neno hilo alilitunga mchekeshaji Ijuin Hikaru katika kipindi chake cha redio mwaka 1999, akisema yeye mwenyewe ni mgonjwa. Huwapata watoto wa miaka 13 au 14. Dalili zake ni kujifunga bendeji mkono usioumwa, kuvaa kitambaa cheusi kwenye jicho zima, kuzungumza kwa mafumbo na kuamini kwamba kuna nguvu za siri zinazosubiri kuamshwa ndani yake.

Watu wazima husimuliana dalili zao za zamani na kuona aibu mpaka masikio yanapata moto. Lakini hawamcheki mtoto aliye nao sasa kwa ukali, maana kila mmoja aliwahi kulala kwenye wodi hiyo.

Kitabu cha vituko vyao

Mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba, umati huhamia Ariake, kando ya ghuba ya Tokyo, kwenye ukumbi wa maonyesho wa Tokyo Big Sight. Huko ndiko Comiket, soko la vitabu vya katuni ambavyo mashabiki huvichora na kuvichapa wenyewe. Lilianza Desemba 1975 likiwa na watu wapatao 700. Agosti 2019, kwa siku nne, lilipokea takriban watu 730,000.

Comiket haina “mteja”. Anayeuza, anayenunua na anayejitolea kupanga foleni, wote huitwa washiriki. Milango inapofunguliwa watu wote hupiga makofi, na soko linapofungwa hupiga tena.

Sehemu kubwa ya vitabu hivyo ni mizaha juu ya katuni maarufu. Ila mzaha mtamu zaidi umo katika katalogi ya soko lenyewe, iliyokuwa nene kama kitabu cha simu cha zamani. Humo huchapishwa vikatuni vinavyoletwa na washiriki kuhusu vituko vya soko lililopita: nani alipotea, nani alikosea foleni, nani aliishiwa pesa ya nauli ya kurudia kwao. Joto la Agosti nalo halisamehewi. Mwaka 2013 mvuke wa watu uligeuka kama ukungu chini ya dari, na mashabiki wakaupa jina: wingu la Comiket. Wametengeneza mvua ya jasho, walisema, bila kumsumbua mganga.

Hekaluni Washinomiya

Katika mahekalu ya Kishinto watu huandika maombi yao kwenye vibao vya mti. Dakika chache kwa miguu kutoka Akihabara liko hekalu la Kanda Myojin, linalouza hirizi za kulinda kompyuta. Vibao vyake vingi vimechorwa wahusika wa anime kwa ustadi mkubwa, na waliovichora huviita, kama inavyotarajiwa, “vibao vinavyouma”.

Mwendo wa kama saa moja kwa treni kuelekea kaskazini, katika mkoa wa Saitama, liko hekalu la kale la Washinomiya. Mwaka 2007 ilirushwa katuni ya “Lucky Star”, ambayo shujaa wake ni Konata, msichana wa shule anayelala darasani kwa sababu alikesha akicheza michezo ya kompyuta. Karibu kila mzaha wa katuni hiyo ni juu ya mashabiki wenyewe. Hekalu la nyumbani kwa rafiki zake wawili mapacha lilichorwa kwa kuiga Washinomiya, na watazamaji wakalitambua. Mwaka mpya wa 2008 walifika waumini na wageni wapatao 300,000, na miaka iliyofuata idadi ikapita 400,000. Wafanyabiashara wa mji hawakuwafukuza. Waliwatengenezea vijizawadi vyenye sura za wahusika, na Septemba 2008 mashabiki wakabeba mabegani kiti kitakatifu cha sherehe kilichopambwa kwa picha za “Lucky Star”, barabara ile ile wanayopita wazee wa mji.

Katuni hiyo ilitengenezwa na Kyoto Animation, kampuni ambayo mwaka 2012 ilitengeneza pia katuni juu ya ule ugonjwa wa chuunibyou. Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliingia katika studio yao mjini Kyoto na kuichoma moto. Watu 36 walikufa, miongoni mwao Takemoto Yasuhiro, aliyeongoza “Lucky Star”. Mashabiki walipanga foleni barabarani kuweka maua, na michango kutoka duniani kote ikapita yeni bilioni 3. Watu ambao kwa miaka walijiita wenye vitu “vinavyouma” waliomboleza wachoraji ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona, na mbele ya dunia hawakuona haya.

Familia inayopanga kufika itakumbuka mambo machache. Jumapili mchana magari huzuiwa kwenye barabara kuu ya Akihabara, na watoto hutembea kwa nafasi. Wahudumu wa mikahawa ya vijakazi hawapigwi picha bila ruhusa. Comiket hairuhusu mtu kuja kutoka nyumbani akiwa amevaa mavazi ya mhusika. Hubadilishia pale pale. Na mkalimani mzuri wa safari hii ni mtoto. Akiangua kicheko mbele ya bango ambalo mama au baba haelewi lina nini, aulizwe kinachochekesha, na apewe muda wa kueleza mpaka mwisho.