Ni Hivi Tu, Mama

Karata ya kwanza kunila ilikuwa ree ya shupaza, stendi ya mabasi Shinyanga mjini, mwaka 1996. Mama alikuwa amenipa shilingi 2,000 nikanunue kaptula ya shule. Jamaa mmoja alikuwa amechuchumaa nyuma ya boksi, juu yake karata tatu: kopa mbili na ile ree. Alizirusha taratibu, kulia, kushoto, katikati. Kijana aliyesimama pembeni yangu aliifuata ree kwa macho, akashinda mara mbili mfululizo. Nikaweka hela yangu, nikanyoosha kidole. Ikafunuliwa kopa. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba yule mshindi alikuwa mshirika wa mrusha karata.

Nilifika nyumbani jioni nikiwa mikono mitupu. Mama hakunipiga. Aliniuliza tu, "Kwani ulikuwa unaangalia nini, mwanangu?" Nimelibeba swali hilo mpaka leo.

Mazingaombwe nilikuwa nimeyaona kabla ya hapo, lakini yale ya shuleni. Waliosoma shule ya msingi miaka yetu wanakumbuka: kiingilio shilingi 20, madirisha ya darasa yamezibwa kwa khanga, bwana mwenye koti jeusi anatoa pipi kwenye karatasi tupu na sarafu kwenye sikio la mwalimu wa zamu. Sisi tulikaa mbali, gizagiza, tukatoka tukinong'ona kwamba bwana yule ana majini. Naye hakukanusha. Sifa ya majini ilimjazia darasa katika shule iliyofuata.

Mwaka 2001 nilikwenda kutafuta riziki Geita. Mgodi mkubwa wa pale ulikuwa umefunguliwa mwaka uliotangulia, Bulyanhulu nao ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuzalisha, na kuanzia Kahama hadi Nyarugusu kila mtu alikuwa akiizungumzia dhahabu. Mimi nilipata kibarua kwenye karasha, Rwamgasa. Mchana tulisaga mawe, usiku tulicheza karata. Hapo ndipo mzee mmoja, fundi wa mashine, alipoona jinsi ninavyozikodolea macho karata, akaniita kando.

Alianza na karata tatu. Unashika mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, zikiwa zimeachana kidogo. Anayetazama anaiona vizuri ile ya chini, kwa hiyo mkono ukirusha, anaamini ya chini ndiyo imetangulia. Kumbe kidole kimeachia ya juu. Basi. Nilikaa kwenye kiroba cha mawe nikaikumbuka kaptula yangu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu la kumpa mama.

Kisha akanifundisha kubadili karata mbele ya macho. Saba ya uru iko juu ya fungu, kiganja kinapita kama mtu anayepangusa vumbi, na pale ilipokuwa saba amekaa mzungu wa nne. Nilifanya zoezi lile miezi minne, chini ya chemli, mbele ya kipande cha kioo. Vumbi la karasha liligandisha karata, nikawa nazipangusa kila usiku kwa kitambaa kikavu, moja moja, zote 52. Mzee alikuwa akisema kidole kilichokaza humsaliti mwenyewe. Kilegeze, na jicho lako litazame pale unapotaka wenzako watazame.

Nikaanza kuonyesha kwenye mwalo, kwenye mabaa, kwenye harusi. Wachimbaji walinizunguka wakiwa karibu kiasi cha kunipumulia usoni, na tochi zao za kichwani zikinimulika mikono. Wakaanza kuniita "mtaalamu". Mtu wa Kanda ya Ziwa anajua jina hilo hupewa nani: mganga. Nilikaa kimya, na ukimya ule ukaniletea hela.

Usiku mmoja mchimbaji alibisha hodi akiwa na kuku mweupe na shilingi 30,000. "Mtaalamu, duara langu halijatoa kitu tangu masika. Niangalizie." Nilichanga karata, nikampangia tatu chini, nikamwambia asubiri siku saba. Hela nikapokea. Siku saba zikapita bila kitu, akahama machimbo. Mpaka leo najiuliza alikwenda kwa nani baada yangu, na huyo alimwagiza alete nini.

Najiuliza kwa sababu baadaye yalikuja mauaji. Kuanzia mwaka 2007 Kanda yetu ilisikika dunia nzima kwa ndugu zetu wenye ualbino waliokuwa wakiuawa, kwa sababu kuna waganga waliowaahidi watu utajiri wa dhahabu na samaki kwa viungo vyao. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Niliisikia habari hiyo redioni nikiwa na karata mkononi. Nikaziweka chini. Nilijua kwamba kila nilipoitwa mtaalamu nikanyamaza, nilisaidia kuitunza ile imani kwamba ipo njia ya kificho ya kuipata dhahabu, ukiwa tayari kulipa.

Wiki kadhaa sikugusa karata. Niliporudi, nilirudi na utaratibu ambao sijauacha. Nakunja mikono ya shati, nanawa mbele za watu, nasema: "Hiki ni kiini macho. Sina dawa, sina jini. Nina vidole kumi na miaka ya mazoezi." Na kila mahali, kabla sijaondoka, nafundisha siri ya karata tatu ili mtoto wa mtu asiliwe stendi.

Wenzangu walinionya kwamba nitakosa wateja. Haikuwa hivyo. Aliyeamini jini alinitazama kwa woga, akageuza uso. Anayejua ni vidole husogea, hukodoa, hucheka akishindwa, hudai nirudie. Simu janja zilipoingia wakaanza kunirekodi na kupunguza kasi ya picha, nami ikabidi nifanye polepole zaidi, kwa usafi zaidi. Kwenye simu hizohizo nikamwona René Lavand wa Ajentina, aliyepoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9, akipanga karata kwa mkono wa kushoto pekee, bila haraka yoyote. Nilimtazama usiku mzima.

Mwaka jana, mnadani Katoro, mama mmoja muuza dagaa aliacha meza yake akasimama mbele yangu. "Rudia, baba, lakini taratibu." Nikarudia. Akanyoosha mkono, nikampa karata mbili. Alizishika kama nilivyomwonyesha, vidole vikinuka dagaa, akarusha. Ya juu ikatangulia. Mjukuu wake akanyooshea kidole karata isiyo yenyewe.

"Kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, mama."

Akazikusanya, akamgeukia mjukuu. "Njoo huku karibu," akamwambia. "Nikufundishe."